Jina la Modi Yetu na Masikio ya Wageni

Nilikuwa kwenye chumba cha sauti, nimezima maiki yangu, nikiwasikiliza wachezaji wawili ambao hawakujua kwamba mimi ni mmoja wa watengenezaji. Mmoja alikuwa akimshawishi mwenzake apakue modi yetu, yaani nyongeza ya mashabiki inayobadilisha mchezo wa kompyuta.

"Kaka, itafute, ni tamu kweli."

"Inaitwaje?"

Kimya. Akaanza kulitaja jina, akakwama katikati, akaanza upya, akaruka maneno mawili, mwisho akasema, "Subiri, nitakutumia kiungo." Kiungo hakikutumwa. Dakika mbili baadaye walikuwa wamehamia kwenye mchezo mwingine, ambao jina lake lina silabi mbili.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kwa miezi 14 tulikuwa tumeufundisha mchezo wa mtu mmoja kubeba watu 32 kwenye bahari moja. Tulipambana na mawimbi yaliyokuwa yanapanda kwenye kompyuta hii na kushuka kwenye ile, na merikebu zilizokuwa zinarukaruka kwa sababu mtandao unachelewa, na mizinga iliyolia upande mmoja huku upande wa pili wakisikia kimya. Mengi ya hayo tulikuwa tumeshayashinda. Na bado mtu aliyeipenda kazi yetu alishindwa kumtajia rafiki yake jina lake.

Jina lile nililitunga mimi, na sikulitunga kwa kukaa nikafikiri. Siku nilipofungua mradi, kompyuta iliniuliza mradi unaitwaje, nikaandika kilichonijia kichwani: jina kamili la mchezo wenyewe, ambalo peke yake ni maneno matatu, kisha nukta mbili, kisha maneno matano ya Kiingereza yenye maana ya mradi wa bahari ya wachezaji wengi. Naamini modi nyingi hupata jina namna hiyo. Mtu ana kiu ya kuanza kazi, jina analiona kama kizingiti tu, analiruka na kuingia ndani. Anapokuja kugeuka nyuma, jina limeshaingia kwenye kila faili, kwenye nembo, kwenye midomo ya wachezaji mia wa kwanza, na kuling'oa ni kazi ya jasho.

Nilijitetea kwa muda mrefu kwamba jina letu linaeleza kila kitu. Kweli lilieleza. Na siwezi kusema jina la maelezo ni baya siku zote, kwa sababu yapo mazuri sana. Multi Theft Auto, modi iliyoanza mwaka 2003, ilichukua wimbo ambao sikio linaujua tayari, jina la mchezo wa Grand Theft Auto, ikabadilisha neno moja, na kila aliyewahi kucheza mchezo ule akaelewa palepale kwamba sasa wako wengi. Seamless Co-op, modi ya mchezo wa Elden Ring ya mwaka 2022, inasema inachofanya kwa maneno mawili, yaani kucheza pamoja bila kukatizwa, na inanyamaza. Hayo ni majina ya maelezo yanayotamkika kwa pumzi moja. Letu lilikuwa sentensi.

Wachezaji wakafanya wanachofanya daima jina likiwa refu: wakalikata. Likabaki herufi tano. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, kwamba kifupisho cha herufi hakina matamshi yake mwenyewe. Kinaazima matamshi ya lugha ya anayekitaja. Katika zile tano kulikuwa na E na kulikuwa na G. Mwingereza akitaja herufi E, sikio la Mswahili linasikia I. Mfaransa akitaja G, Mwingereza anasikia J. Basi mtu akiwatajia wenzake herufi zile kwenye maiki, kila mmoja anaandika zake, anatafuta, hapati kitu, na anadhani modi imekufa. Niliona kwa macho yangu, kwenye orodha ya maneno yaliyowaleta watu kwenye ukurasa wetu, namna saba tofauti za kuandika kifupisho hicho. Na hao ni waliofika. Waliopotea njiani hawakuacha alama.

Kisha lilikuja suala la folda. Kila modi ina majina mawili, lile la kwenye nembo na lile la kwenye diski, na hilo la pili huishi maisha marefu kuliko la kwanza. Mchezo wa Quake ulipotoka mwaka 1996 ulikuwa ukiendeshwa kwenye DOS, mfumo ambao haukuruhusu jina la folda kuzidi herufi nane, na modi iliyokuwa ikiitwa Team Fortress ikakaa ndani ya folda iitwayo fortress, herufi nane kamili. Counter-Strike ilipoanza mwaka 1999 kama modi ya mchezo wa Half-Life, folda yake ikaitwa cstrike. Hata leo, mtu akiwa na Counter-Strike 2, iliyotoka mwaka 2023, akichungulia ndani ya mafaili yake atakuta folda bado inaitwa csgo, jina la mchezo uliotangulia. Nembo zimebadilika, muziki umebadilika, folda imebaki.

Sisi folda yetu ilikuwa msiba. Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili, kwa hiyo jina letu halikuweza kuandikwa lilivyo. Nikaondoa nukta mbili, nikaacha nafasi kati ya maneno. Seva za Linux (seva ni kompyuta ambamo wachezaji hukutana, na Linux ni mfumo unaoiendesha) zikawa zinasumbua kila msimamizi aliyesahau kuweka alama za kunukuu kwenye amri zake. Nikaziba nafasi kwa vistari. Mwishowe ukurasa unasema jina moja, folda inasema jingine, dirisha la mchezo linasema la tatu, na kila siku kuna mtu anauliza kama amepakua kitu sahihi. Tangu hapo, mtu akinionyesha jina la modi yake mpya, swali langu la kwanza ni kwamba folda itaitwaje. Jina lisiloweza kukaa kwenye folda bila kukatwakatwa halijaiva.

Pamoja na yote hayo, nadhani tungeendelea hivyohivyo kwa uvivu, kama si barua pepe iliyokuja siku ya Jumatano asubuhi. Ilitoka kwa kampuni yenye mchezo. Ilikuwa fupi na ya heshima. Walisema hawana kinyongo na kazi yetu, ila jina la mchezo wao haliwezi kuwa mwanzo wa jina letu, kwa sababu kuna watu wanaodhani modi ni yao, na seva zetu zikianguka lawama zinawafikia wao. Walitupa siku 30.

Nilikasirika. Kwa siku mbili nilijiona mtu aliyedhulumiwa. Ndugu mmoja katika timu yetu, mtulivu kuliko sote, aliniambia, "Bwana, wangetaka kutufunga wangetufunga. Wameomba jina lao tu." Alikuwa sahihi. Mwenye alama ya biashara asipoilinda, anaweza kudhoofisha haki yake juu yake, na sisi tulikuwa tumeiandika mlangoni kwetu kwa herufi kubwa kuliko zetu. Wapo waliotutangulia kupita hapo. Mashabiki waliokuwa wakiijenga upya Half-Life kwa injini ya Source (programu inayouendesha mchezo) waliuita mradi wao Black Mesa: Source. Valve, wenye injini hiyo, wakawaomba waondoe neno Source, ili watu wasidhani ni kazi ya Valve yenyewe. Wakaliondoa, likabaki Black Mesa. Ukilitazama sasa, jina lilipona kwa kupunguzwa.

Habari ya Dota inaniuma zaidi. Defense of the Ancients ilikuwa ramani iliyotengenezwa na wachezaji kwa ajili ya mchezo wa Warcraft III, na ilianza mwaka 2003. Mikono mingi ilipokezana kazi ile, na wachezaji wenyewe ndio walioifupisha ikawa neno moja linalotamkika. Mwaka 2010 Valve wakaomba kulisajili neno hilo kama alama ya biashara. Blizzard, wenye Warcraft, wakapinga. Mei 2012 wakapatana: Valve walitumie kibiashara, Blizzard na wachezaji wao walitumie kwenye ramani zisizouzwa, na kazi ambayo Blizzard walikuwa wakiiita Blizzard DOTA ikabadilishwa kuwa Blizzard All-Stars. Kampuni mbili kubwa ziligawana neno lililokuzwa na vinywa vya vijana waliokuwa wakicheza bure usiku kucha. Ninapofikiria jina la modi huwa nafikiria hilo: jina likipendwa lina thamani, na kitu chenye thamani hupata wagombea. Ni vizuri tangu siku ya kwanza kujua limeandikwa kwa nani.

Tulikaa watano kwenye mazungumzo ya sauti. Mmoja alipendekeza tuongeze namba mbili mwishoni mwa kifupisho, ionekane tumeanza upya. Nilikataa, namba humfanya mgeni aulize ya kwanza iko wapi. Mwingine akataka lakabu yake iwemo kwenye jina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika sehemu ngumu zaidi ya msimbo (maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini), na hilo lilikuwa kweli. Alitoa mfano wa Garry's Mod, iliyotoka mwaka 2004 na inabeba jina la Garry Newman mpaka leo, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamjibu kwa PlayerUnknown's Battlegrounds ya mwaka 2017, iliyobeba lakabu ya Brendan Greene: wachezaji waliikata ikawa PUBG, na baadaye jina rasmi likafuata midomo yao, na mwenyewe Greene akaja kuondoka kwenye kampuni ile. Lakabu ya mtu ni jambo zuri pale ambapo modi ni ya mtu huyo kweli, na atakaa nayo. Yetu ilikuwa ya watano, na ya wasimamizi wa seva, na ya waliotuchorea bendera bila malipo. Rafiki yetu alikubali bila kununa. Miezi minane baadaye alipata kazi nyingine akatuaga, na tuliagana vizuri.

Mwanga ulikuja kutoka kwenye modi mbili za wengine. Subnautica ni mchezo wa chini ya maji, wa mchezaji mmoja, na modi inayouwezesha kuchezwa na wengi inaitwa Nitrox. Nitrox ni mchanganyiko wa hewa wanaoutumia wapiga mbizi. Jina halikugusa neno la mwenye mchezo hata herufi moja, na bado linanukia maji. Ya pili ni Northstar, modi ya mchezo wa Titanfall 2 inayowapa wachezaji seva zao wenyewe: neno hilo ni jina la mojawapo ya mashine ndani ya mchezo, na lenyewe ni nyota ya kaskazini, nyota ya kuongozea safari. Nilipoyaangalia hayo mawili niliacha kuuliza modi yetu inafanya nini. Nikaanza kuuliza mabaharia wana maneno gani.

Na Kiswahili, kwa mambo ya bahari, hakina njaa. Nilijaza ukurasa mzima: tanga, omo, tezi, nanga, jahazi, kusi, kaskazi, demani, ngama. Wenzangu wanne, ambao hawajui Kiswahili, walisoma orodha ile kama watoto waliofunguliwa sanduku. Wakaongeza ya lugha zao. Tukapata maneno 40 hivi.

Hapo tukafanya kosa jingine, tukapeleka maneno yote kwa wachezaji wapige kura. Tuliona ndiyo haki. Lakini kura ya wazi hupigwa na walio macho saa ile, kwa furaha ya saa ile, na kilichoongoza siku tatu mfululizo kilikuwa utani uliotokana na hitilafu ya wiki hiyo, merikebu iliyokuwa ikipaa angani. Utani ulikuwa mzuri. Mwezi mmoja baadaye hakuna mgeni ambaye angeuelewa. Tuliifunga kura ile, na kuna walioudhika, na walikuwa na haki ya kuudhika, kwa sababu tuliwaita waamue kisha tukawanyang'anya uamuzi. Kosa letu lilikuwa kwenye swali. Jamii ya wachezaji waliotawanyika duniani ni hazina kubwa mno kwa kitu kimoja: kukuambia neno hilo kwao lina maana gani. Hicho ndicho tulichopaswa kuwauliza.

Tulipowauliza hivyo, majibu yalikuja kama mvua. Mimi nililipigania neno Tanga. Ndilo linaloshika upepo, ni fupi, linatamkika. Kwamba kuna jiji lenye jina hilo nililijua, nikasema tutabanana humohumo. Haikupita saa moja, Mjerumani akaandika kwa adabu kwamba kwao tanga ni chupi ndogo sana. Mhispania akaja na habari ileile. Kisha Mfaransa. Niliandika neno lile kwenye injini ya kutafutia, upande wa picha, na skrini ikajaa chupi kutoka juu hadi chini. Neno langu likafa hapo. Siku iliyofuata mchezaji kutoka Ufini akatuandikia kuhusu Kusi: katika lugha yao, kusi ni mkojo, tena kwa tamko lisilosemwa mbele ya wakubwa. Upepo wetu mkuu wa nusu mwaka ukaondoka kwenye orodha kwa sentensi moja. Niliumia kidogo, na nikamshukuru kwa moyo wote. Fikiria tungeligundua hilo tukiwa tumeshachora nembo.

Yalibaki maneno 10. Tukaamua kuyapitisha kwenye kipimo ambacho nadhani ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyojifunza, na kilitokana moja kwa moja na wale wawili niliowasikia kwenye chumba cha sauti. Modi ya wachezaji wengi husambaa kwa mdomo. Mtu anacheza, anafurahi, anamwambia mwenzake huku mizinga inalia. Jina hupita kwenye maiki mbovu, kwenye kelele, kwa lafudhi ya mtu mwingine, likafika kwenye vidole vya mtu ambaye hajawahi kuliona. Kama hapo halivuki, hakuna nembo itakayolivusha.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye maiki yake ilikuwa inajulikana kwa ubaya: inakwaruza, inakata mwisho wa maneno, na nyuma yake feni ya kompyuta inavuma muda wote. Tukamkabidhi yeye kazi ya kusoma. Tukakusanya watu 12 wa kujitolea, wazungumzaji wa lugha sita tofauti, ambao hawakuwa wameiona orodha. Alisoma kila neno mara moja tu. Hakurudia hata alipoombwa. Kila msikilizaji aliandika alichosikia na kunitumia mimi peke yangu, asione cha mwenzake.

Neno nililolipenda kuliko yote wakati ule lilikuwa Msafara. Lina maana kamili ya tulichokijenga, vyombo vingi vinavyokwenda pamoja. Majibu yalipoanza kuingia nilikuwa nimekaa mbele ya skrini mikono imelowa jasho. Emsafara. Umsafara. Safara. Musafara. Amsafara. Zafara. Kati ya 12, hakuna hata mmoja aliyeanza na Ms. Ile m yetu inayosimama peke yake kama silabi, ambayo sisi tunaitamka bila kufikiri, kwa wengi wao haikuwa sauti kamili. Walitafuta irabu ya kuiegemeza, na kila mmoja akaegemeza yake. Nililia kimoyomoyo nikalifuta.

Jahazi liliharibiwa na herufi yake ya kwanza. Tulipojaribu upande wa pili, yaani kuwaonyesha neno limeandikwa na kuwaomba walitamke, Mjerumani alisema Yahazi na Mhispania akaanza kwa kh. Neno linaloandikwa namna moja na kutamkwa namna nne lina ugonjwa uleule wa kifupisho chetu cha zamani. Kaskazi liligawanya watu nusu kwa nusu, wa K na wa C, na tena wa z na wa s. Nanga lilivuka salama, watu 12 kwa 12 au karibu yake, lakini tulipolitafuta tukakuta tayari lina wenyewe, bidhaa na milima, na modi ndogo ingezama ukurasa wa kumi wa matokeo.

Demani lilikuwa la saba kwenye orodha. Sikuwa na matumaini nalo. Nililiweka kwa sababu nalipenda. Kati ya 12, watu 10 waliandika d-e-m-a-n-i. Mmoja alimalizia kwa y. Mmoja aliandika Damani. Niliyasoma majibu mara tatu. Konsonanti laini, irabu baada ya kila moja, hakuna herufi mbili zinazogombania sauti moja. Kwenye utafutaji halikuwa limejaa kitu. Mjerumani, Mfini, Mhispania, Mfaransa, wote wakasema kwao halina maana yoyote, na hilo lilikuwa jibu zuri kuliko sifa.

Ndipo waliponiuliza kwetu lina maana gani. Nikawaeleza kwamba demani ni majira ambayo kusi imelegea, mawimbi makali yamepita, upepo ni wa kiasi na vyombo vinatoka tena. Chumba kikanyamaza kidogo. Kisha yule ndugu mtulivu akasema, "Basi ndiyo hiyo." Hatukupiga kura.

Nilijua jamii italikata hata hilo, kwa hiyo nililikata mwenyewe kwanza nione kinachobaki. Dema. Dema ni mtego wa kuvulia samaki. Hata kipande chake kilibaki baharini, nami nikaona tumebahatika, maana mara nyingi kifupisho ndicho kinachokuumbua. Leo wachezaji wanasema "tuingie dema saa mbili", na wanaoelewa neno lile na wasiolielewa wanakutana kwenye seva moja.

Kabla ya kutangaza tulikaa na jambo la umiliki. Nilikuwa nimesoma habari za Nexuiz, mchezo huria wa kulenga shabaha ulioanza kama modi ya Quake na kukuzwa na watu wengi wa kujitolea. Mwaka 2010 jina lake lilitolewa kwa kampuni iliyotaka kutengeneza mchezo wa kuuza, na wengi wa waliokuwa wakiujenga wakaona hawana tena nyumba. Wakaondoka na msimbo, ambao ulikuwa huru, wakaanza upya kwa jina la Xonotic. Msimbo uliweza kuhamishwa, jina halikuweza. Sisi anwani ya tovuti ilikuwa imesajiliwa na mtu mmoja, ambaye ni mimi, kwa barua pepe yangu binafsi. Tuliibadilisha. Sasa funguo ziko kwa watu wawili, na tumeandika ukurasa mmoja unaosema jina ni la nani kama timu ikivunjika. Ni ukurasa mfupi na mkavu, na ndio ninaoujali kuliko kurasa nyingine nyingi.

Kampuni tuliwajibu ndani ya siku zile 30, tukawauliza kama tunaweza kuandika kwenye maelezo, mbali na jina, kwamba hii ni modi ya mchezo wao. Wakakubali siku hiyohiyo.

Kubadilisha lenyewe kulituchukua usiku mmoja na mapema ya siku. Nilitafuta jina la zamani ndani ya msimbo nikalikuta mahali 412. Mengi yalikuwa maandishi tu ya kwenye skrini, yalibadilika haraka. Nililosahau lilikuwa njia ya mafaili ya kuhifadhia safari za wachezaji. Folda mpya, jina jipya. Mchezo ukaenda kutafuta merikebu za watu mahali papya, ukakuta patupu. Asubuhi watu walifungua wakaona wanaanza na mtumbwi mmoja. Mmoja aliandika, "Merikebu yangu ya miezi sita imezama bila vita." Hazikuwa zimepotea, zilikuwa zimelala kwenye folda ya zamani, lakini yeye hakujua hilo, na kwa saa tano aliamini kazi yake imeteketea. Tulitoa sasisho linalonakili mafaili yote kwanza kabla ya kufanya lolote jingine. Ningekuwa naanza upya, ningeandika hiyo sehemu ya kunakili kabla hata ya kuchora nembo.

Seva zilichukua wiki kadhaa. Wasimamizi wengine walikuwa likizo, wengine hawakusoma tangazo, na kwa muda huo wachezaji walikuwa wamegawanyika kwenye orodha mbili, nusu huku, nusu kule, kila upande ukidhani modi imepoa. Tuliwaandikia wasimamizi mmoja mmoja kwa majina yao. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na hakukuwa na njia ya mkato.

Kitu kimoja hatukukibadilisha. Kompyuta ya mchezaji inapogonga hodi kwenye seva, pakiti ya kwanza, yaani kifurushi cha data, huanza na herufi chache za kujitambulisha, na mimi siku ile ya kwanza niliweka kifupisho cha jina la zamani. Tungezigusa herufi zile, kila seva isiyosasishwa ingefunga mlango. Tukaziacha. Mwezi uliopita dada mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni, anayejifunza msimbo wa mtandao, alizikuta akaniuliza ni herufi za nini, na kama anaweza kuzifuta. Nikamwomba aziache. Kisha nikamwandikia kwa kirefu, maneno yote manane, na nukta mbili katikati.